Kukokotoa tarehe katika programu bila kupoteza siku

Kabla ya kuandika msimbo wowote unaohusu tarehe, amua kwanza kama unashughulikia siku ya kalenda au nukta ya wakati. Siku ya kuzaliwa na siku ya kulipa rejesho la mkopo ni siku za kalenda, nazo hazihitaji zaidi ya mwaka, mwezi na siku; malipo yalipoingia kwa simu ni nukta ya wakati, nayo huhifadhiwa kwa saa za UTC, yaani saa za pamoja za dunia. Makosa mengi niliyowahi kuyasahihisha, yangu yakiwemo, yalitokana na kuvichanganya viwili hivi.

Katika lugha ya programu ya JavaScript, new Date(2024, 2, 1) ni saa sita usiku ya kuamkia tarehe 1 Machi mahali kompyuta ilipo, kwa kuwa miezi huhesabiwa kuanzia sifuri. Dar es Salaam na Nairobi zimeitangulia UTC kwa saa tatu, hivyo ukiigeuza tarehe hiyo kwa toISOString, amri inayoiandika kwa saa za UTC, utapata 2024-02-29T21:00:00.000Z, na ukizikata herufi kumi za mwanzo ili uzihifadhi, umeshamrudisha mteja nyuma siku moja.

Kuongeza miezi ndiko kunakosumbua zaidi. Niliwahi kuandikia chama cha kuweka na kukopa programu ambayo ilimpangia mwanachama aliyekopa tarehe 31 Januari 2024 rejesho la kwanza tarehe 2 Machi, Februari ikarukwa kabisa, kwa sababu setMonth, amri ya JavaScript ya kubadilisha mwezi, ilipoikosa tarehe 31 Februari ilizihamishia siku mbili zilizozidi katika mwezi uliofuata. Dawa yake ni kuongeza mwezi kwanza, kisha, ikiwa siku inazidi urefu wa mwezi huo, kuishusha hadi siku ya mwisho; hifadhidata ya PostgreSQL hufanya hivyo yenyewe. Hata hivyo, usikokotoe rejesho moja kutokana na lililotangulia, kwani 31 Januari itakuwa 29 Februari, na kutoka hapo utapata 29 Machi badala ya 31. Kila rejesho likokotolewe kutoka tarehe ya mkopo wenyewe.

Ukitaka idadi ya siku kati ya tarehe mbili, zigeuze zote kuwa saa sita usiku ya UTC, utoe, kisha ugawanye kwa milisekunde 86,400,000. Ukitumia saa za mahali, hesabu itakubali Tanzania na Kenya, ambako saa hazibadilishwi, lakini itamwangusha mtumiaji wa London, ambako tarehe 31 Machi 2024 ilikuwa na saa 23 tu kwa kuwa saa zilisogezwa mbele. Muulize pia mwenye kazi kama siku ya kwanza inahesabiwa, kwa maana kutoka tarehe 1 hadi 10 wapo wanaohesabu siku tisa na wapo wanaohesabu kumi, na kompyuta haiwezi kukuamulia.

Mwisho, ijaribu programu kwa tarehe 31 Januari, 29 Februari na 31 Desemba, na kwa mwaka 2100, ambao unagawanyika kwa nne lakini utakuwa na siku 365.