Namna ya Kuchagua Shahada ya Mtandaoni Itakayokubaliwa na Mwajiri

Kabla ya kusoma tangazo la chuo, soma kwanza tangazo la kazi unayoitaka. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosimamia ajira serikalini nchini Tanzania, hurudia sharti lilelile: mwombaji aliyesoma nje ya nchi ahakikishe vyeti vyake vimehakikiwa na mamlaka husika, ambayo kwa shahada ni Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), na hati za matokeo ya muda hazipokelewi. Ukali huo una historia yake. Uhakiki uliotangazwa Aprili 2017 uliwabaini watumishi wa umma zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, kwa hiyo usishangae ofisa utumishi akitaka kujua kama cheti chako kinahakikika kabla hajauliza kama ulisomea darasani au nyumbani.

Kwa kipimo hicho, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinachofundisha kwa masafa na kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, hakina utata wowote wa ithibati, yaani kutambuliwa rasmi na mdhibiti wa vyuo. Wapo mabosi, hasa waliopita Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), ambao bado hukitazama kwa jicho la pembeni. Ukikutana nao kwenye usaili, waeleze jinsi mitihani yako ilivyosimamiwa na kazi uliyokuwa ukiifanya wakati unasoma. Kwa Kenya, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake ya kuanzishwa mwaka 2023, hivyo waajiri wengi ndio kwanza wanakizoea.

Vyuo vikongwe vya nje havihitaji maelezo mengi. University of London imekuwa ikiwatunuku shahada wanafunzi wa mbali tangu 1858, na Mandela alikamilisha shahada yake ya sheria kupitia Unisa (Chuo Kikuu cha Afrika Kusini) akiwa bado kifungoni. Hata hivyo, jina kubwa halikuondolei wajibu wa kupeleka cheti TCU.

Penye hatari ni vyuo binafsi vya nje vyenye ada nafuu na majina ya kuvutia. Mwaka 2015 ilifichuliwa kwamba kampuni ya Axact ya Karachi iliendesha tovuti za vyuo visivyokuwepo, pamoja na za mashirika bandia ya kuvithibitisha. Kwa sababu hiyo usibonyeze kiungo cha ithibati ulichopewa na chuo chenyewe. Tafuta mwenyewe orodha ya mdhibiti wa nchi yake, kisha waandikie TCU kabla ya kulipa hata ada ya maombi, na ulitunze jibu lao.

Kwa uuguzi, udaktari na uhandisi, swali la kwanza lielekeze kwa baraza au bodi ya taaluma, kwa kuwa bila usajili wake mwajiri hana namna ya kukuajiri, na mafunzo ya vitendo hayapatikani kwenye kompyuta.

Ukishahitimu, andika kwenye wasifu jina la chuo na la shahada kama yalivyo kwenye cheti, kisha ambatisha barua ya TCU ya uhakiki wa cheti bila kusubiri kuombwa.