Somo: Kuandika nota za wimbo wa kwaya kwa kusikiliza tu (sol-fa, sauti nne)

Wakuu, salaam. Kila mwaka wanafunzi wapya wakijiunga na kwaya yetu ya chuo huja na nyimbo nzuri za kwao, lakini huja nazo kwenye simu. Karatasi hakuna. Mwalimu akiuliza "nota ziko wapi?" kila mtu anaangalia viatu vyake. Mimi nilianza kazi hii nikiwa mwaka wa pili, usiku, kitanda cha juu hosteli, na hedifoni iliyokufa sikio moja. Sikusomea muziki, nasoma uhandisi wa maji. Wenzangu wanacheza gemu, mimi nanukuu nyimbo. Sasa hivi nina madaftari matatu yaliyojaa.

Naeleza kwa sol-fa, yaani nota zinazoandikwa kwa herufi d r m f s l t (do, re, mi na kuendelea), kwa sababu ndiyo kwaya nyingi zinasoma. Anayetumia mistari mitano atafuata hatua hizihizi.

Vifaa ni vichache: daftari, penseli na raba (kalamu ya wino utaijutia), hedifoni inayosikika masikio yote mawili, kinanda au programu ya kinanda kwenye simu. Mwenye kompyuta aweke Audacity, ni ya bure, inapunguza mwendo wa wimbo bila kushusha sauti. Asiye na kompyuta, YouTube inatosha, ina 0.75 na 0.5. Mimi naishia 0.75, kwenye 0.5 sauti za watu zinaanza kutetemeka kama redio inayoishiwa betri na utasikia nota ambazo hazipo.

Hatua ya 1: Penseli mbali

Sikiliza wimbo mzima mara tano au sita bila kuandika. Sikiliza ukifua, sikiliza ukiwa kwenye daladala. Unataka ufike mahali ambapo simu ikizimwa unaweza kuimba sauti ya kwanza mwanzo hadi mwisho. Usichoweza kukiimba hutakiandika, utabahatisha. Baada ya hapo ndipo uandike mpangilio kwa maneno: kinanda kinaanza, kiitikio, shairi, kiitikio, pale wanapomalizia kwa kurudia. Utagundua wimbo wa dakika sita una dakika mbili tu za muziki wa kuandika, mengine ni marudio.

Hatua ya 2: Tafuta do

Do ni nota ya nyumbani, pale wimbo unapotua. Hapa wengi huanguka kwa kudhani nota ya kwanza ndiyo do. Chukua Happy Birthday ya sherehe zetu zote. Inaanza na s, siyo d (alama nyingine nazieleza hatua ya 3):

:s.s | l :s :d' | t :– :s.s | l :s :r' | d' :–

Njia yangu ni hii. Simamisha wimbo popote, kisha jiulize: ningetaka kuumaliza sasa hivi, sauti ingetua wapi? Iimbe hiyo. Kutoka hapo panda d r m f s, ushuke tena. Kama ngazi inakubaliana na wimbo, umefika nyumbani. Kama inaugomba, tafuta tena. Halafu nenda kwenye kinanda utafute kitufe chenye sauti hiyo, ndipo uandike juu ya ukurasa "Do ni G" au vyovyote itakavyokuwa.

Zipo nyimbo zinazotua kwenye l badala ya d, zile za maina (minor). Wimbo wa taifa wa Kenya, uliotokana na bembelezo la Wapokomo, ni mfano ambao kila mtu amewahi kuusikia. Ukiona kila ukijaribu kumaliza kwa d wimbo unabaki unaning'inia, jaribu l.

Tatizo jingine: do inaangukia katikati ya vitufe viwili. Usilaumu sikio. Aliyepakia wimbo mtandaoni huenda aliukimbiza kidogo, au kanda ya zamani ilikuwa inazunguka haraka. Kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata ni tofauti ya kama asilimia 6 tu ya mitetemo, kwa hiyo mwendo ukizidi kwa asilimia 3 tayari uko katikati. Sogeza kwa Audacity hadi ikae kwenye kitufe kilicho karibu, uendelee.

Hatua ya 3: Mapigo

Piga mguu. Ukihesabu mbili mbili au nne nne, vizuri. Nyimbo zenye mahadhi ya ngoma za kwetu hupenda 6/8, na hapo mguu unahesabu mbili huku kayamba likigawa kila pigo mara tatu. Ukifuata kayamba utaandika 3/4 na kwaya itaimba kama gwaride lililokosa hatua. Fuata mguu.

Kwa waliosahau alama: koloni hutenganisha mapigo, nukta hukata pigo katikati, mkato hukata nusu hiyo tena, kistari hurefusha nota iliyotangulia. Kialama cha juu ni oktava ya juu (ngazi nzima ya d hadi d inayofuata), cha chini ni oktava ya chini.

Hatua ya 4: Sauti ya kwanza

Andika mstari mmoja wa maneno kwa wakati mmoja. Kwanza maneno, yakiwa yamekatwa silabi, kisha mapigo, mwisho herufi. Kiswahili kinakusaidia sana hapa kwa sababu silabi zetu ziko wazi na karibu kila moja ina nota yake. Ukiona silabi saba na umeandika nota tano, kuna mbili zimekupita.

Hatua ya 5: Besi

Usiende sauti ya pili. Nenda chini kabisa. Ukishakuwa na juu na chini, katikati pamebanwa.

Besi hasikiki kwenye spika ya simu kwa sababu kispika kile hakiwezi kutoa sauti za chini. Unachosikia ni sauti ndogo za juu zinazoambatana na nota yake, ndiyo maana watu huandika besi oktava isiyo yake. Vaa hedifoni. Ukishindwa bado, pandisha wimbo wote oktava moja kwa Audacity (nusu toni 12). Akina dada watalia kama chiriku lakini besi atapanda hadi pale sikio lako linapoona vizuri. Na besi ana tabia: mwisho wa kiitikio karibu kila mara hutoka s akaangukia d. Anzia hapo, urudi nyuma.

Hatua ya 6: Sauti za ndani

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa niliwahi kuaibika.

Wimbo wangu wa nne kuunukuu niliusikia sauti ya pili waziwazi, au nilidhani nausikia. Niliandika ikitembea chini ya sauti ya kwanza, m juu ya d, f juu ya r, s juu ya m, inapanda nayo, inashuka nayo, tamu kama asali. Kwaya ikajifunza. Tukaimba siku ya sherehe, na mtunzi mwenyewe alikuwepo. Baada ya ibada akaja, mpole kabisa, akauliza, "Sauti ya pili hii katunga nani?" Kwenye wimbo wake sauti ya pili imekaa kwenye s karibu kiitikio kizima. Haisogei. Sikio langu halikuisikia kwa sababu haikuwa inafanya chochote, basi likanitungia nyingine.

Tangu siku hiyo naandika hivi. Kwanza naangalia juu na chini. Besi yuko d, sauti ya kwanza iko m: kodi (nota zinazolia pamoja, siyo ile ya TRA) karibu hakika ni d m s, na inayokosekana ni s. Kwa hiyo mojawapo ya sauti za ndani ina s, na nyingine ama inarudia d ama inarudia s. Pili, naimba s hiyo kwa nguvu pamoja na rekodi. Ikizama ndani ya kwaya nisiisikie tena, ipo. Ikibaki inaelea juu kama mafuta kwenye maji, haipo. Tatu, na hili ndilo nililokosa: naishikilia hiyohiyo kuingia kodi inayofuata kabla ya kujaribu nyingine. Sauti ya pili na ya tatu ni wavivu. Kama nota inaweza kubaki, ianze kwa kubaki, na iondoke pale tu rekodi inapoifukuza.

Kutofautisha ya pili (alto) na ya tatu (tenor), sikiliza rangi ya sauti na siyo ujuu wa nota. Tenor akiwa juu anakaza koo, alto akiwa chini analegea. Mahali wanapokutana kwenye nota moja ni hapo tu utakapopata shida, na hapo haina madhara ukiwapa wote.

Hatua ya 7: Watu wanne

Usipeleke kwa kwaya nzima. Tafuta watu wanne wanaosoma nota na ambao hawajawahi kuusikia wimbo, waimbe ulichoandika. Anayeujua wimbo atasahihisha makosa yako bila kujua, na hutayaona. Kusafisha na kuchapa ni mwisho; MuseScore ni ya bure, na mimi bado naona daftari linatosha.

Maswali sasa.

Alto wa Iringa: Mwalimu, shukrani. Sol-fa si ya watoto wa shule ya Jumapili? Rafiki yangu anasema muziki wa kweli ni mistari mitano.

Jibu: Dada, mwambie rafiki yako kwamba Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake sisi tunaimbia Mungu Ibariki Afrika, aliandika kwa sol-fa. Mfumo ulianza kwa Sarah Glover Uingereza, John Curwen akaukuza na kuusambaza karne ya 19, wamisionari wakauleta huku kwa sababu unachapika kwa herufi za kawaida. Ukitaka kuandika kinanda na mapambo yake, hapo kweli mistari mitano inashinda. Kwa sauti nne za watu, sioni unachokosa.

Besi Mtupu: Mkuu, besi yangu imejaa vialama vya chini kila nota. Inachosha macho.

Jibu: Kwa sababu umeandika inavyosikika. Kwa desturi ya sol-fa, tenor na besi huandikwa oktava moja juu ya sauti yao halisi. D ya kawaida ya besi haina alama. Alama ya chini weka anaposhuka chini ya hiyo d.

Mwaka wa Kwanza: Kaka, AI haiwezi kufanya haya yote? Nimechoka hatua ya pili tu.

Jibu: Mdogo wangu, nimejaribu. Zipo programu zinazotenga waimbaji na vyombo, hizo zitumie, zinasaidia sana wimbo ukiwa na ngoma nyingi. Ipo pia Basic Pitch ya Spotify, ya bure, inageuza sauti kuwa nota. Kwa gitaa moja inajitahidi. Kwa kwaya ya watu arobaini ilinipa rundo la nota bila kuniambia ipi ya nani, na kuzipanga kulichukua muda kuliko kuandika mwenyewe.

Mpiga Solo: Vipi gitaa za dansi? Nataka kunukuu solo.

Jibu: Anza na besi vilevile, halafu rithimu, solo mwisho. Rithimu hurudia kipande kifupi, ukikipata umepata nusu ya wimbo. Na tafuta kwanza ilipigwa sehemu gani ya shingo ya gitaa. Nota ileile inapatikana nyuzi tofauti, na ukichagua vibaya vidole vitagoma.

Katibu wa Kwaya: Tunaruhusiwa kuuza nota tulizonukuu ili kuchangia mfuko wa safari?

Jibu: Wimbo ni wa mtunzi hata kama karatasi ni ya kwako. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio wa kuuliza. Mimi huandika jina la mtunzi juu ya ukurasa, nampigia simu, na siuzi. Mara mbili mtunzi alinitumia nota halisi, nikaona makosa yangu bure.

Mwanafunzi wa Unguja: Ndugu mwalimu, nanukuu taarabu ya zamani kwa ajili ya kazi ya darasa. Kuna nota kwenye fidla haipo kwenye kinanda changu. Nikiandika m inakuwa juu, nikishusha inakuwa chini.

Jibu: Sikio lako liko sawa, kinanda ndicho hakina. Kwenye maqamu (ngazi za nota za muziki wa Kiarabu) kama rasti, nota ya tatu hukaa katikati ya vitufe viwili. Andika m na mshale mdogo wa kushuka, ueleze pembeni. Ila kama ni santuri za zamani, za enzi za Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928, hakikisha kwanza mwendo wake. Santuri iliyorekodiwa kwa mizunguko 80 kwa dakika ikichezwa kwa 78 inashuka karibu robo toni. Lakini hapo nota zote zinashuka pamoja. Kama ni moja tu iliyo nje, hiyo ni maqamu.

Tenor Mbishi: Mwalimu, Happy Birthday hapo juu umeandika s.s. Watu hawaimbi hivyo. Ya kwanza ni ndefu: s.,s.

Jibu: Umenikamata. Nimerudi kusikiliza video ya sherehe ya mdogo wangu: wote wanaimba s.,s isipokuwa bibi, yeye peke yake s.s. Nimeliacha kosa lilivyo hapo juu ili swali lako lieleweke.