Kumlea nahodha wa timu ya mtaa: tunachoweza kuchukua kwa Tom Brady

Timu nyingi za mchangani, kuanzia Mwanjelwa hadi Mafinga, humvalisha kitambaa cha unahodha mfungaji bora au kijana wa karibu na mfadhili. Baadaye viongozi wanashangaa jezi zinapotea na mazoezi ya Jumatano yana watu saba. Unahodha ni kazi, na kazi hufundishwa. Mmoja wa waliotuachia mfano wa kuifundishia ni Tom Brady, kwotabeki wa mpira wa Kimarekani aliyestaafu Februari 2023 akiwa na miaka 45.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huo: kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulio linapoanza, kisha anaurusha, anaukabidhi kwa mwenzake au anakimbia nao. Mbele yake husimama watu watano wenye miili mikubwa, na kazi yao ni kumkinga. Majina yao hayaimbwi na mtu, lakini wakilegea, kwotabeki analala chini. Brady aliingia ligi mwaka 2000 akiwa chaguo la 199 timu zilipochagua kwa zamu wachezaji wapya, makwotabeki sita wakiwa wameshachaguliwa kabla yake, na alimaliza na mataji saba ya Super Bowl, fainali kuu ya ligi hiyo: sita na New England Patriots, moja na Tampa Bay Buccaneers. Mataji hayo hatuwezi kuyaiga. Tabia zilizoyabeba tunaweza.

Kumpata

Usianze na kura. Anza na daftari. Kwa wiki nne, katibu aandike nani kafika mazoezini na saa ngapi, nani kabaki kukusanya koni na vizibao, na nani kapiga simu alipokosa nauli badala ya kupotea kimya. Baada ya hapo ndipo ipigwe kura ya siri: kila mchezaji aandike majina mawili, la kwake lisiwemo. Mwalimu achukue watatu wa juu, alinganishe na daftari, aamue. Kura ya kunyoosha mikono iepukwe kabisa, kwani watu humpigia wa kijiwe chao, na mnyamavu anayefaa hapati hata sauti mbili.

Beki wa kati au kiungo wa chini anafaa zaidi kwa sababu mchezo wote uko mbele ya macho yake. Kipa anaweza, ila panapotumika utaratibu wa nahodha pekee kuzungumza na mwamuzi, kipa nahodha atalazimika kumtaja mchezaji wa ndani wa kumwakilisha. Amtaje kabla mechi haijaanza. Kitambaa chenyewe kiwe cha rangi moja, au kile kilichoidhinishwa na waandaaji wa mashindano. Kukivaa ni sharti la sheria.

Wageni wa timu

Wachezaji wengi waliojiunga na Brady wamesimulia jambo moja: alikuja kuwapa mkono na kujitaja jina, ilhali hakuna asiyemjua. Hili ni jepesi, na ndilo linalorukwa kuliko yote. Huku kwetu wageni huja kwa mafungu: wanafunzi wakifunga shule, watumishi wakihamishwa, vijana wakirudi kutoka mashambani. Nahodha amfuate mgeni siku ya kwanza, ataje jina na namba anayocheza, amweleze mchango ni kiasi gani na unalipwa kwa nani, kisha ampe mtu wa kupasha naye misuli kwa wiki mbili. Akiachwa ajitafutie, atasimama pembeni na simu yake, na wiki ya tatu humwoni.

Sekunde arobaini

Kwenye ligi ya Brady, tukio moja likiisha timu ina sekunde 40 za kuanzisha jingine. Kocha huzungumza na kwotabeki kupitia redio iliyo ndani ya kofia, na redio hiyo hukatika zikibaki sekunde 15. Ndani ya muda huo kwotabeki anawaambia wenzake kumi wafanye nini, wanatawanyika. Hotuba haina nafasi.

Mfundishe nahodha wako kuzungumza hivyohivyo kwenye duara kabla ya mechi. Sala ikishaisha, azungumze yeye peke yake, mambo matatu tu: jukumu moja, hatari moja, na jambo la kufanya mpira wa kwanza ukifika. Kwa mfano: "Namba sita wao ndiye anayegawa, Juma usimwache. Upande wa barabarani pana tope, msipige pasi ya chini pale. Mpira wa kwanza, upande wa kulia." Mpimie kwa saa ya simu mazoezini. Wengi huanza na dakika tatu, na nusu yake ni "tujitume, tujitume". Kujituma si maelekezo. Ukimwambia beki ajitume hajui asimame wapi. Watatu wakisema kwa pamoja, hakuna atakayekumbuka lolote, kwa hiyo mwenye la kuongeza amwambie nahodha wakati wa kupasha misuli. Na Juni na Julai, baridi ya Uyole au Makete ikiwa kali, duara lifanyike mwisho kabisa. Wakisimama bure dakika tano, misuli iliyopashwa imeshapoa.

Kurusha shilingi nako kuna akili yake. Tangu 2019 anayeshinda huchagua goli la kushambulia au kuanza na mpira. Mechi ya saa kumi jioni, jua la magharibi hushuka na kuumiza macho zaidi kipindi cha pili. Chagua upande ambao kipa wako atalitazama kipindi cha kwanza, likiwa bado juu. Kama uwanja ni wa mteremko na ni msimu wa mvua, sisi tungeanza kwa kupanda: wingu likifunguka baadaye, mpira haupandi tope.

Fedha

Hapa ndipo manahodha wengi huanguka. Ligi ya mpira wa Kimarekani ina ukomo wa jumla ya mishahara kwa kila timu, hivyo dola inayoingia kwa mmoja haipo tena kwa mwingine. Brady alikubali zaidi ya mara moja, mkataba wa 2013 ukiwemo, kulipwa chini ya bei ambayo angeipata sokoni, ili timu ibaki na nafasi ya kuajiri wengine. Maskini hakuwa, tusimtukuze kupita kiasi, lakini wenzake wote waliona.

Kombe la mtaa likitoa shilingi 500,000, toa kwanza gharama mbele ya wote: tuseme 60,000 za nauli na maji. Zinabaki 440,000. Wachezaji 18, mwalimu, katibu, mtunza jezi na mtu wa huduma ya kwanza ni 22. Kila mmoja 20,000. Nahodha apokee wa mwisho na apokee sawa. "Posho ya nahodha" ikishaingia, msimu ujao mfungaji atadai ya kwake, na kipa hatakosa hoja. Fedha isilale kwa nahodha hata usiku mmoja. Ipite kwa mweka hazina, risiti zisomwe kwenye kundi la timu.

Mkizidiwa

Februari 2017 Patriots walikuwa nyuma 28 kwa 3 dhidi ya Atlanta Falcons, wakashinda 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Pengo la pointi 25 halizibwi kwa shambulio moja, nao walirudi hatua kwa hatua. Mkifungwa mbili, nahodha asitume watu sita mbele. Aombe dakika tano za kutopoteza mpira katikati, kisha bao moja.

Brady naye ana doa. Mwaka 2016 alifungiwa mechi nne kwenye sakata la mipira iliyodaiwa kupunguzwa upepo, na Oktoba 2022 kamera zilimnasa akiwafokea wale wachezaji wanaomkinga kando ya uwanja huko Pittsburgh. La pili lifundishe kwa kinyume: kosa la mchezaji lizungumzwe kesho yake, wawili tu, si mbele ya mashabiki wanaomjua mama yake.

Naibu

Brady alipata nafasi mwaka 2001 baada ya Drew Bledsoe, kwotabeki aliyekuwa na namba, kuumia. Januari 2002, kwenye fainali ya kanda, Brady akaumia, na Bledsoe aliyekwisha kunyang'anywa namba akaingia na kuimalizia kazi. Kwa hiyo naibu atajwe siku ileile ya nahodha, aongoze duara mechi moja kati ya nne, na nahodha aliyepumzishwa asimame benchi akiwa na jezi. Kitambaa cha pili kikae kwenye sanduku la huduma ya kwanza, kwa sababu cha kwanza huondoka na mchezaji anayepelekwa hospitali.