STI ya mtumba: je, injini inahitaji kuzoezwa?

Shemeji yangu amenunua Subaru WRX STI iliyotoka Japani, na swali lake la kwanza lilikuwa: niendeshe polepole kwa kilomita ngapi? Ndiko kuzoeza huko: kuiendesha injini kwa uangalifu hadi ringi za pistoni zikae. Inategemea kama injini imewahi kufunguliwa.

1. Gari jipya kabisa. Fuata kitabu chake. Subaru wanataka usivuke mizunguko 4,000 kwa dakika katika kilomita 1,600 za kwanza, wala usishikilie mwendo mmoja muda mrefu. BMW za M, zile za mbio, hubadilishwa oili zikifika kilomita 2,000. Basi.

2. Mtumba ambao haujafunguliwa. Hapa huna cha kuzoeza. Aliyeizoeza, vizuri au vibaya, yuko Japani. Pima kompresheni (mgandamizo) ya silinda zote nne, injini ikiwa moto na pedali imekanyagwa hadi mwisho. Kwenye EJ za tabo, yaani injini za Subaru kama ya STI hii, silinda ya 4 ndiyo ninayoishuku kwanza. Muuzaji akikataa plagi zitolewe, mwachie gari lake.

3. Imefunguliwa? Tafuta gasketi meka (gundi ya kuzibia) mbichi kwenye maungio na alama za spana kwenye bolti. Ukiambiwa "imefanyiwa ovahoo juzi" kana kwamba ni sifa, uliza imetembea kilomita ngapi tangu hapo, na kwa oili gani. Kama haijatembea, kazi ya kuizoeza ni yako.

4. Kuwasha mara ya kwanza baada ya ovahoo. Weka oili ya kawaida ya madini. Sinthetiki ingoje. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, zungusha kwa stata vipindi vifupi hadi taa ya oili izime, ndipo urudishe fyuzi.

Ikiwaka, usiiache ingurume tu gereji. "Iache saa mbili ijizoee" ni ushauri mbovu, na bado mafundi wanaurudia kila siku. Ringi ya pistoni haibanwi kwenye ukuta wa silinda na mkazo wake pekee. Gesi ya mwako hupita nyuma yake na kuisukuma nje. Bila mzigo, msukumo huo ni mdogo, ringi inateleza juu ya oili, na mikwaruzo ya honi (ile fundi aliyoikwaruza ukutani makusudi) inang'arishwa kabla ringi hazijakaa. Ukuta ukishakuwa kioo, gari litakula oili, na dawa ni kushusha injini tena.

Kwa hiyo kagua uvujaji na joto, kisha ingia barabarani. Gia ya 3, kutoka mizunguko 2,000 hadi 3,800, nusu pedali. Halafu achia bila kugusa klachi, gari lijizuie lenyewe. Rudia, rudia. Mlima unafaa zaidi, ingawa ule wa Mai Mahiu kwenda Limuru una malori; mimi huenda Jumapili alfajiri. Ila mzigo si kuilemea injini. Usikanyage hadi chini ukiwa gia ya 5 na mizunguko 1,800: tabo inasukuma, injini inagonga, na kingo zinazoshika ringi kwenye pistoni za EJ hupasuka. Na kama programu ya kompyuta ya injini imechezewa, rudisha ya kiwandani kabla ya yote haya.

5. Oili. Mwaga na ubadilishe filta kwenye kilomita 80, tena 800. Kata filta uitazame. Mng'ao kidogo wa chuma ni kawaida. Vipande vya rangi ya shaba ni beringi, zima gari.

6. Pima dipistiki kila unapojaza petroli, gari likiwa mahali tambarare na injini imepumzika dakika chache. Ukipita kilomita 1,600 na kipimo hakishuki tena, weka sinthetiki.