Kabla Hujapiga Waksi, Toa Kwanza Kilichojikita Kwenye Rangi

Osha gari, likaushe, kisha ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa mkate na upitishe vidole juu ya boneti polepole. Usipapase kwa mkono mtupu, utadanganyika. Mfuko ndio unaokufanya usikie kila kichembe. Mifuko ya kubebea tuliyoizoea ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, lakini wa mkate bado upo, na kwa kazi hii ni mzuri zaidi kwa sababu ni laini. Vidole vikiteleza bila kukwama, piga waksi yako ukapumzike. Ukisikia kama unapapasa msasa uliofunikwa shuka, waksi iache kwenye kopo kwanza.

Unachokisikia hapo si vumbi, maana vumbi lilishaondoka na maji. Ni vitu vilivyojishika kwenye rangi: chembe za chuma zinazoruka kutoka kwenye breki, za kwako na za daladala iliyo mbele yako, matone ya lami, utomvu wa miti, ukungu wa rangi uliopeperushwa kutoka kwa fundi wa jirani. Sabuni haivitoi hata usugue hadi jioni. Waksi ukiipaka juu yake inaviziba tu, nayo yenyewe haishiki vizuri, kwa hiyo umetupa hela na nusu siku.

Mambo yanayojulikana nayapitia haraka. Fanya kazi kivulini, na bati liwe limepoa. Ukiweka mgongo wa mkono hapo usiuondoe kwa moto. Tumia shampuu ya gari, si sabuni ya unga. Ndoo ziwe mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia kitambaa. Vitambaa viwe vya maikrofaiba, safi, na kikidondoka chini kinakwenda kufuliwa. Anza juu kwenda chini. Matairi na rimu vina kitambaa chao, na kitambaa hicho hakigusi rangi milele.

Jua pia historia ya rangi yako kabla hujamwagia dawa yoyote. Magari mengi tunayoendesha yalishatumika Japani kabla ya kuja kwetu, na yakifika hapa yanaguswa tena: mlango umepigwa rangi, bampa limepigwa rangi, boneti limebadilishwa. Rangi ya kiwandani na rangi ya gereji hazivumilii mambo sawa. Chukua kitambaa chenye thina kidogo, gusa sehemu iliyojificha, mfano ndani ya mlango karibu na bawaba, upande uleule uliopigwa rangi. Kitambaa kikibeba rangi, hiyo ni rangi nyepesi isiyokuwa na dawa ya kuigandisha, na dawa kali zote zikae mbali nayo. Kama rangi ni mpya kabisa, waksi isubiri mwezi mmoja au zaidi. Muulize aliyeipiga, kila rangi ina masharti yake.

Lami unaitoa kwa dawa ya lami, au mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, unaiweka juu ya tone, unahesabu hadi thelathini, unafuta bila kukandamiza. Kisha unaosha tena kwa shampuu, mafuta yasibaki. Petroli sitaki kuisikia. Thina kwa kupangusia gari zima sitaki kuisikia vilevile. Na wale wanaoshauri maji ya betri kwa kutoa kutu waambie wajaribu kwenye gari lao kwanza.

Sasa tufike kwenye chuma, maana hapa ndipo nilipoadhirika.

Jirani yangu wa Kinyerezi alikuwa anaweka geti. Vijana walichomelea na kupiga grainda kutwa nzima, na ukuta wetu ni huo mmoja. Upande wangu zilikuwa zimeegeshwa gari mbili, IST yangu nyeupe na Premio nyeusi ya shemeji, kaka yake mke wangu, aliyeiacha kwangu akasafiri kikazi. Cheche tulikuwa tunaziona zikiruka juu ya ukuta. Watoto walizifurahia. Mimi nilikuwa nakunywa chai.

Zilipita kama siku kumi na mvua moja ya usiku. Asubuhi nikaona IST ina vidoti vya rangi ya chungwa, vidogo kuliko mbegu ya ufuta, kila mahali upande wa ukutani. Nikashtuka nikidhani gari limeanza kuoza. Kumbe si bati lililokuwa linashika kutu, ni vile vipande vya chuma vya geti. Cheche ya grainda ni chuma cha moto. Ikitua kwenye rangi inayeyusha kishimo chake na kujikita humo, na ikipata maji inafanya kutu. Premio ilikuwa haina doti hata moja. Au ndivyo nilivyoona, kwa sababu kutu juu ya rangi nyeusi huwezi kuiona ukiwa umesimama.

Nilikuwa na klei niliyoinunua dukani siku nyingi, ule udongo laini kama wa watoto wa chekechea; unalowanisha rangi kwa maji ya sabuni kisha unaupitisha juu yake. Nikaanza na IST. Vidoti vikaondoka. Nikaona mimi fundi. Kwa kuwa shemeji alikuwa anarudi Ijumaa na Jumamosi ilikuwa send-off ya binti yake, nikasema nimfanyie na yeye, iwe zawadi. Premio nzima, boneti, milango, paa, kwa kipande kilekile cha klei. Juu yake nikapiga waksi tabaka mbili. Jioni chini ya taa ya baraza gari lilikuwa kama maji ya kisima.

Jumamosi saa tisa alasiri, nje ya ukumbi, jua likawa linalipiga boneti kwa ubavu. Mistari. Si miwili mitatu; ilikuwa imelala sambamba kuanzia kwenye wiper mpaka kwenye taa, ikifuata mkono wangu ulivyokuwa unakwenda na kurudi. Shemeji akaliangalia gari, akaniangalia mimi nilivyovaa suti, akauliza kwa upole kabisa: "Shem, hili umeliosha kwa stiliwaya?" Kwa upole, kwa sababu wageni walikuwa wamesimama. Ningependa angefoka.

Nilivyorudi nyumbani nikakichukua kile kipande cha klei, nikakifungua kwa vidole gumba viwili kama unavyofungua andazi. Ndani kulikuwa na vidoti vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa vibaya. Nikapitisha kidole, kikachoma. Nilikuwa nimeng'oa vyuma kwenye gari langu, nikavihifadhi kwenye udongo, nikaenda kuvikwaruza kwenye gari la mwenzangu. Na IST nayo ilikuwa imechanika vilevile, ni weupe wake tu uliokuwa unanifichia.

Fundi rangi alitumia siku nzima na mashine ya polishi. Alinionyesha kwenye kipimo chake kwamba klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi linalobeba mng'ao wote, ni jembamba sana. Kwa magari mengi ya kiwandani ni mikroni 40 hadi 50 hivi, na unywele wa mtu ni kama 70. Kila polishi inakula humo humo. Mistari mirefu aliiacha, akasema akiifuata hadi chini atakutana na praima, lile tabaka lililo chini ya rangi. Nililipa mimi, na mpaka leo nikienda kwa shemeji naegesha mbali na lile gari.

Kwa hiyo chuma kinayeyushwa kwanza, hakikwanguliwi. Nunua dawa ya kutoa chuma kwenye rangi, zipo madukani Kariakoo na kwa wauza vipodozi vya magari. Utaijua kwa mambo mawili: inanuka kama mayai viza, na ikikutana na chuma inageuka zambarau, inatiririka kama damu iliyochanganywa na wino. Vaa glavu. Pulizia kwenye gari lililooshwa na kupoa, upande mmoja mmoja, subiri dakika zilizoandikwa kwenye chupa, nyingi ni tatu hadi tano, usiiache ikauke, kisha suuza kwa maji mengi. Chini ya milango na mlango wa nyuma ndiko utakakoona zambarau nyingi, maana vumbi la breki linatupwa huko. Zambarau ikiwa kali, rudia. Ikitoka hafifu, pima tena kwa mfuko wa mkate. Sehemu nyingine utakuta hata klei huihitaji.

Ukiihitaji, ijue ni kitu gani. Laini yake inadanganya watu. Mjapani Tadao Kodate alipoipatia hataza Marekani mwaka 1995, karatasi zilikiita kifaa hicho jiwe la kunolea linalonyumbulika, na hilo ndilo jina ningependa liandikwe kwenye kopo. Ndani yake mna chembechembe za kukwangua. Kwa hiyo chukua ile laini, ya kiwango cha chini kabisa, kata kipande cha kutosha vidole vitatu, kisha ufanye eneo la nusu mita kwa nusu mita, likiwa limelowa chapachapa. Maji ya shampuu yanatosha, ila yasikauke. Peleka na urudishe kwa mstari ulionyooka, mkono usikandamize, uzito wa klei yenyewe na vidole unatosha. Mwanzoni utasikia inakwaruza kwa sauti ndogo, halafu inaanza kuteleza kimya. Hapo acha, hamia kwingine. Kila eneo ukimaliza, igeuze, ikunje, itazame. Ikiwa chafu, kunja upate uso mpya. Ikiwa na vidoti vinavyochoma, itupe, usihesabu bei. Ikidondoka chini itupe pia, hata kama ilikuwa mpya. Mchanga ukishaingia hautoki. Ndiyo maana nasema kata vipande, usiitumie nzima.

Baada ya klei rangi itakuwa na mikwaruzo midogo, hasa nyeusi. Ni kawaida. Inahitaji polishi nyepesi kabla ya waksi, kwa hiyo kama huna muda wa polishi, usianze klei usiku wa kuamkia shughuli ya watu. Na usifanye kila mwezi. Mara moja kwa mwaka, mara mbili kwa anayekaa barabarani kutwa, na siku zote baada ya mfuko wa mkate kukuambia hivyo.

Mengine ni ya kawaida tu. Kinyesi cha kunguru usikiache kikauke juani, kinakula rangi, na ukikikuta kimekauka kiloweshe kwanza kwa kitambaa chenye maji, usikichokoe kwa kucha. Utomvu wa mwembe vivyo hivyo. Tone la saruji iliyoganda usilisugue, mpelekee fundi. Wanaokaa karibu na bahari waoshe na sehemu za chini, chumvi hukaa kule. Vioo vinavumilia klei kuliko rangi, ila ile ya kioo usiirudishe kwenye bati. Plastiki nyeusi za pembeni usizipake waksi, zitabaki na weupe usiotoka. Na ukisikia grainda mtaani, hamisha gari kwanza, chai utaimalizia baadaye.