Kuomba ufelo wa chama cha wanafizikia ukiwa Unguja au Pemba

Wenzangu wanaosomesha fizikia huniuliza mara kwa mara vipi wataomba ufelo, yaani daraja ya juu ya uanachama katika chama cha wanafizikia, na wengi wao wanastahili cheo hicho kuliko wanavyojidhania. Nimekaa na walimu na wahadhiri kadhaa kupitia maombi yao, na langu mwenyewe lilikataliwa kabla ya kukubaliwa. Hivi ndivyo ninavyowaelekeza.

Hatua ya 1: Jua unaomba kitu gani

Kuna ufelo ambao ni ufadhili: unalipwa ukafanye utafiti mahali kwa muda. Sio huo. Hapa tunazungumzia daraja ya uanachama. Institute of Physics ya Uingereza na Ireland ina wanachama wa kawaida (MInstP) na mafelo (FInstP). Juu yao kuna mafelo wa heshima, na daraja hiyo haiombwi. Watu wengine hukupendekeza, chama kikaamua. CPhys nayo ni ithibati ya utaalamu, usiichanganye na daraja hizo.

American Physical Society, chama cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1899, hata ufelo wa kawaida hujiombei. Lazima uwe mwanachama, wanachama wawili wakupendekeze, na kila mwaka hawachaguliwi zaidi ya nusu ya asilimia moja ya wanachama wote ukitoa wanafunzi. Yaani watano katika 1,000. Kwa mwalimu wa skuli ya Wete au mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) pale Tunguu, ningeanza na chama cha Uingereza, ambako unaandika ombi lako mwenyewe.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kabla ya kugusa fomu

Chukua daftari moja. Andika kila kazi, mwaka wake, na nani anaweza kuithibitisha. Usidhani ni makala za majarida tu zinazohesabika. Ikiwa kwa miaka kadhaa umewapeleka wanafunzi pwani kupima kina cha maji wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, ukawaonyesha jinsi jua na mwezi vinavyoyavuta, hiyo ni kazi ya fizikia. Vipimo vyao viweke, picha ziweke, barua ya mwalimu mkuu iweke.

Hatua ya 3: Andika "nilifanya"

Hapa ndipo maombi yetu mengi yanapoanguka. Huku visiwani mtu mwenye adabu hajisemi. Muulize mwalimu nani aliyeanzisha klabu ya sayansi, atakwambia, "Tulijaaliwa tu, sote pamoja." Ombi langu la mwanzo lilijaa maneno hayo: tulianzisha, tulisomesha, tulifanikiwa. Jibu lilikuwa fupi: mchango wa mwombaji hauonekani. Niliumia sana, maana kazi niliijua na jasho lake nililijua. Lakini msomaji wa ombi hajawahi kufika Unguja, na hana wa kumuuliza. Ana karatasi tu.

Kwa hiyo usiandike "Tuliimarisha masomo ya vitendo." Andika kwa mfano huu: "Mwaka 2017 nilibuni majaribio sita ya umeme kwa betri na waya za dukani. Walimu wenzangu wawili waliyajaribu madarasani mwao. Leo skuli nne zinayatumia." Wenzio wamo, na sehemu yao imetajwa kwa haki. Hiyo si kujigamba. Hata mbele ya kadhi, shahidi aliyeona peke yake hasemi "tuliona".

Mfano mzuri ni wa Erasto Mpemba, ambaye licha ya jina lake hakuwa mtu wa Pemba. Alikuwa mwanafunzi wa Tanganyika. Mwaka 1963, skulini Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa kwenye friji ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa. Baadaye Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Dar es Salaam, alimsikiliza na kulijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 maelezo yao yakatoka katika jarida la Physics Education. Mpemba alijitaja kwa jina lake na kusimulia kwa "mimi" alichokiona, hadi jinsi alivyoitumia friji vibaya. Ndiyo maana tunajua kilichokuwa chake na kilichokuwa cha Osborne.

Hatua ya 4: Wadhamini

Mdhamini ni mtu anayekithibitishia chama kazi yako. Mchague aliyeiona kwa macho, hata kama cheo chake ni kidogo. Profesa mkubwa asiyekujua ataandika sifa za jumla ambazo hazitakusaidia. Mpe ukurasa mmoja wenye tarehe na mambo mahususi, mwezi mzima kabla, na usimbebeshe kazi hiyo kumi la mwisho la Ramadhani.

Hatua ya 5: Jina, ada, kutuma

Hakikisha jina ni moja kila mahali. Shahada ikisema Khamis na pasi ikasema Hamisi, utahangaika. Ulizia mapema benki yako kama kadi yao inalipa mtandaoni, kwa sababu ada ni ya kila mwaka, na herufi baada ya jina, kama FInstP, unaziandika ukiwa bado mwanachama hai.

Ukikataliwa, omba maelezo, kisha subiri hadi uwe umeshayafanyia kazi. Langu lilipita mara ya pili. Kazi zilikuwa zile zile. Nilichobadilisha zaidi ni "tu" kuwa "ni".