Kufufua cherehani kuukuu: kuanzia kununua hadi mshono wa kwanza

Cherehani ya chuma ya zamani haifichi kitu. Karibu kila kiungo kimeshikwa kwa skrubu, na kila panaposuguana pana tundu la mafuta. Ndiyo maana anayeanza na moja hujikuta na tano. Mabaya ni mawili: kununua isiyo na vipuri, na kuchomeka plagi kabla ya kukagua nyaya.

1. Kabla ya kutoa pesa

Zungusha gurudumu la mkono kuja upande wako. Likiwa zito mzunguko mzima, ni mafuta yaliyoganda. Hilo lina dawa, tena ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Likigota pale pale kila mara, huenda uzi umenasa kwenye shato, kifaa cha chini kinachobeba bobini ya uzi. Kutu ikiwa imekula fimbo inayobeba sindano, iache. Acha pia yenye ufa kwenye kitako: chuma kilichomiminwa kwenye kalibu hakikubali kuchomelewa ovyo.

Funua bamba la kuteleza uone kama kesi ya bobini ipo. Singer 27 na 28 hutumia bobini ndefu, nyembamba, ndani ya shato yenye umbo la risasi ya bunduki. Shato ikikosekana utaitafuta sana. Ulizia na sindano. Singer 15, 27, 28, 66, 99 na 201 zote hutumia 15x1, ambayo siku hizi huandikwa pia 130/705 H na hupatikana kwa urahisi. Singer 12 ina sindano yake, adimu sasa, kwa hiyo inunue kama pambo.

Kichwa, yaani cherehani yenyewe bila meza, mara nyingi huzidi kilo 10. Kwenye meza, hushikwa na pini mbili za bawaba nyuma, zenye skrubu ndogo chini yake. Zikaze kabla ya kukiinua na kukilaza nyuma, la sivyo kitakuangukia miguuni.

2. Kulegeza na kusafisha

Piga picha kila upande kwanza. Toa bamba la sindano, kisha kwa kibanio na brashi ondoa vumbi la nyuzi lililoshindiliwa kati ya meno yanayosukuma kitambaa. Mara nyingi limegeuka kuwa kitu kigumu kama ngozi, na ndilo linalozuia meno kupanda.

Dondosha mafuta ya taa, tone mbili tatu, katika kila tundu na kila kiungo, juu na chini. Zungusha gurudumu taratibu, acha usiku kucha, rudia. Fanya kazi penye hewa, mbali na moto. Isipolegea, pasha kiungo husika kwa mashine ya kukaushia nywele. Usilazimishe kwa koleo: kinachovunjika ndicho kisichouzwa. Baada ya hapo futa mafuta ya taa yote, kwani hayalainishi, na utie mafuta ya cherehani, tone moja kila mahali. Mafuta ya kupikia ndiyo yaliyogandisha nyingi kati ya hizi.

Nakshi za dhahabu hazipendi spiriti. Huyeyusha vanishi na maua yakatoka na kitambaa. Tumia mafuta ya cherehani kwenye pamba. Rangi inayobanduka usiipige msasa mkavu, huenda ina risasi.

Bisibisi ijae mfereji wa skrubu. Mikato ya mzunguko kwenye skrubu za Singer ni ya kipekee, kwa hiyo ukiharibu moja, ya dukani haitaingia.

3. Gurudumu lisiloachia

Ukifungua nati kubwa ya gurudumu, ile inayolegezwa ili sindano isimame unapojaza bobini, utakuta washa yenye vimeno. Ukiirudisha kinyume, cherehani itashona hata unapojaza bobini, au gurudumu litazunguka bure. Igeuze nusu duara, ujaribu tena. Kosa hili huwachosha watu bure.

4. Umeme

Soma bamba la mota: ya volti 110 ikichomekwa kwenye 230 itaungua. Kunja waya kidogo. Mpira ukipasuka au kumomonyoka, badilisha wote, pamoja na ule unaoingia kwenye mota. Baadhi ya pedeli zina kapasita ya kuzuia kelele za redio. Ikifa, mota inaweza kukimbia yenyewe bila mguu kuguswa, kwa hiyo chomoa plagi kila ukimaliza. Jaribio la kwanza lifanye na balbu ya nyuzi, wati 60, iliyounganishwa mfululizo, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye cherehani: ikiwaka kwa nguvu zote kabla hujakanyaga pedeli, kuna shoti.

Cherehani ya kukanyaga kwa miguu, isiyo na mota, haina haya yote. Mkanda wake wa ngozi ni wa milimita 5 hivi, urefu kama sentimita 183. Ukate kidogo kidogo, maana ukikaza mno mguu utachoka upesi.

5. Mshono

Weka sindano mpya, upande bapa ukielekea ndoano inayodaka uzi chini, uzi ukiingia upande wenye mfereji mrefu. Pitisha uzi mguu wa kukandamizia ukiwa juu. Ukiwa chini, sahani za mkazo, zile zinazobana uzi, hujifunga na uzi hauzami katikati yake.

Tumia rangi mbili, moja juu, moja kwenye bobini. Rangi ya juu ikijitokeza chini ya kitambaa, kaza juu. Ya bobini ikitokeza juu, legeza juu. Skrubu ya kesi ya bobini ndiyo ya mwisho kuguswa, robo mzunguko kwa mara. Vitanzi vikijaa chini hata ukikaza, pitisha uzi upya kabla ya kugusa kingine. Shonea kitambaa chakavu hadi mafuta yanayotiririka kwenye sindano yaishe.